Ukoo wa Mwajuma Hauko Mtandaoni

Mliponiaga nilipostaafu, walimu wenzangu, mlinipa kanga, ndoo yenye mfuniko, na hotuba ya mwalimu mkuu iliyonisifu kwa utii na unyenyekevu. Ndoo naitumia kila siku, Mungu awabariki. Hotuba ndiyo imenikwama kooni. Utii! Muulizeni afisa elimu kata kama ananijua kwa jina hilo.

Kilichonifanya nikae niandike ni simu ya Mwalimu Edga, kijana aliyeachiwa madarasa yangu. Amenipigia juzi hapa Kihonda ninakoishi sasa. "Shikamoo mama. Naomba unitumie zile tovuti zako za historia na maarifa ya jamii kwa watoto wadogo. Wathibiti ubora wanakuja, nataka niwe na vitu vya mtandaoni." Nikamwambia sina tovuti. Akacheka, akadhani namnyima. "Mama, kila mtu anajua wewe ndiye uliyekuwa unashusha masomo mtandaoni kabla sisi hatujamaliza chuo." Kweli nilishusha. Ila nikimpa tovuti tupu bila kumwambia zilinifikisha wapi, nitakuwa nimempa panga bila mpini. Basi nawaandikia wote, na atakayechoka njiani aende akapike.

Mimi si Mluguru, mnalijua hilo. Ni Mpare wa Same, na kwetu ukoo ni wa baba, sina ugomvi na mila za kwetu. Nilipopangiwa shule ya milimani Uluguru nilipanda na viatu vya kisigino na begi la mkononi, nikijua nitapokelewa na gari. Nilipokelewa na mvua. Barabara iliishia kwenye daraja la miti, na kuanzia hapo ni miguu, kwenye udongo mwekundu unaoteleza na migomba kushoto na kulia. Mwalimu mkuu wa wakati huo, marehemu Mwalimu Mkude, alikuwa amenisubiri darajani na mwavuli. Alivitazama viatu vyangu, akasema, "Karibu sana mwalimu. Hivyo tutavitundika ofisini, vitasaidia somo la mavazi."

Na alivitundika kweli, mzee yule.

Mwalimu Mkude ndiye aliyenifundisha kazi. Chuo kilinipa cheti, kazi nilifundishwa na yeye. Vitabu vilikuwa vichache, dawati zima kitabu kimoja, na cha maarifa ya jamii kilikuwa kimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kupanda mlima. Kila jambo humo lilikuwa tambarare. Mwalimu Mkude alikuwa na utaratibu wake, na sijauona kwingine popote. Kabla hajafundisha somo lolote linalohusu watu, alilipeleka nyumbani kwa mtu. Alichukua kitabu kwapani jioni, akaingia uani kwa jirani yeyote, akaomba kiti, akasoma ukurasa ule kwa sauti wakati wenyeji wanamenya ndizi, kisha akauliza, "Ndivyo ilivyo hapa?" Wakisema ndivyo, kesho analifundisha. Wakicheka, analiacha au analitengeneza. Aliita hivyo kulinywesha somo chai.

"Kitabu ni mgeni," aliniambia. "Mgeni hapiti moja kwa moja mpaka chumbani. Anakaa kwanza barazani, watu wamjue."

Mimi nilimwona mshamba. Nilikuwa na cheti, nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nikaona huu ni uvivu wa kuandaa somo uliovishwa joho. Lakini nilimfuata kwenye zile nyua kwa sababu huko kulikuwa na chai na mihogo, na mshahara wangu mnaujua. Polepole nikaanza kuona jinsi ukurasa unavyokuwa uchi ukisomwa mbele ya watu unaowahusu.

Mtandao ulinikuta nimeshakuwa mwalimu wa makamo. Mwembesongo, mjini Morogoro, kulikuwa na duka la vifaa vya shule la mzee mmoja Mhindi, sisi tulimwita Baba Nitin kwa jina la mwanawe. Nyuma ya duka aliweka kompyuta chache, na Jumamosi nilikuwa nateremka mlima nikae mbele ya kioo. Mara ya kwanza niliandika "historia ya Morogoro". Zikaja hoteli. Hoteli zenye bwawa, hoteli zenye kifungua kinywa, hoteli zilizosema ziko karibu na milima. Nikamwita Baba Nitin kwa hasira, kana kwamba kaziweka yeye.

Alivuta kiti. "Mwalimu, unaiuliza kama unaagiza chai. Hii haikujui. Iambie unataka nini, cha nani, cha umri gani. Wewe unataka kumfundisha mtoto wa miaka minane jinsi mji ulivyoanza. Andika hivyo hivyo."

Nikaandika hivyo hivyo. Zikaja kurasa za walimu wa nchi nyingine, na nyingi nzuri, siwezi kusema uongo. Kulikuwa na somo la kumfanya mtoto achore mstari wa maisha yake: alizaliwa lini, alianza kutembea lini, mdogo wake kaja lini. Nililichukua lile nikalifanya kwa kamba ya mkonge na vijiti, tukaifunga kamba kuanzia mlango wa darasa mpaka chooni, kila mtoto akaning'iniza vijiti vyake. Lakini kulikuwa na mengine jamani! Moja lilimtaka mtoto aeleze babu yake alivyopambana na theluji. Jingine lilikuwa na picha ya Wamasai wamesimama kwenye mchanga mtupu, na chini yake imeandikwa kwa herufi nene kwamba hawa ni watu wa milima ya Uluguru. Nilipowaonyesha watoto, mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hawa wamehamia wapi? Mbona hawakubeba migomba?" Tulicheka mpaka kengele ikapigwa. Ukitaka kujua kama ukurasa unafaa, Edga, anza na hilo: waonyeshe wenye mambo yao uone kama watacheka.

Yako mengine ya kiufundi niliyojifunza, nayo nawaachia. Ukurasa usiosema umeandikwa na nani, uache. Ukikuta kurasa tatu zinasema jambo moja kwa maneno yale yale, hizo si tatu, ni mwandishi mmoja na wezi wake wawili. Ukishusha kitu kizuri kihifadhi kwenye flashi mbili, kwa sababu flashi moja itaingia kwenye mfuko wa sketi na sketi itaingia kwenye beseni. Ramani za kutoka angani ni hazina, nendeni nazo taratibu. Siku niliyowaonyesha watoto paa la shule yetu kutoka juu, hatukusoma kitu kingine. Mtoto mmoja alitambua bati la kwao lenye kiraka, akalia kwa furaha, na waliokuwa na nyumba za nyasi wakalalamika kwamba mtandao unawabagua. Tukalijadili hilo pia, nalo ni maarifa ya jamii.

Na si kila kitu kiko humo. Baba Nitin alikuwa na picha ukutani ya babu yake amesimama mbele ya duka la vitambaa, barabara ya vumbi, hakuna nguzo ya umeme hata moja. Nilikuwa nimekaa chini ya picha ile Jumamosi baada ya Jumamosi nikitafuta picha za zamani za mji kwenye kioo. Siku moja akaniuliza natafuta nini, nikamwambia, akageuka akaitazama picha, akanitazama mimi. "Mwalimu, wewe kweli umesoma?" Akaitoa ukutani, akaipiga nakala, hakunitoza.

Kisha vikaja vishikwambi. Kila mwalimu cha kwake, na mlimani kwetu mtandao ulikuwa ukipatikana kwenye kona moja ya uwanja wa mpira, karibu na bendera ya kona. Mlikuwa mnaniona pale nimekaa kwenye kigoda, mpira ukinipita masikioni. Ndipo afisa elimu kata wetu, Bwana Shomari, akapata wazo. Alikuwa kijana mwenye bidii, msafi, mwenye adabu, amezaliwa kijiji cha ng'ambo ya bonde letu. Wazo lenyewe halikuwa baya: masomo yote ya historia na maarifa ya jamii ya kata nzima yakusanywe kutoka mtandaoni, yawekwe kwenye kabrasha moja, litumwe kwenye grupu la walimu, na mtihani wa kata utungwe humo. Hakuna tena mwalimu kusema hana kitabu. Mimi nilipiga makofi siku ile kikaoni. Nilipiga kwa nguvu.

Kabrasha lilipokuja nilikaa nalo pale kwenye bendera ya kona. Somo la familia na ukoo lilikuwa limepambwa vizuri, picha za rangi, mishale. Likasema mtoto hupata ukoo kwa baba yake. Likasema ardhi ya familia ni ya ukoo wa baba, na mama huja kuishi hapo. Halikusema ni wapi, halikusema ni kwa nani. Lilisema tu, kama mtu anayesema maji yanachemka.

Sasa kwa msiokulia huku: Waluguru hawako hivyo. Mtoto wa Kiluguru ni wa ukoo wa mama yake. Wenyewe huuita lukolo. Kwa baba anapata jina la mtala, yaani la upande wa baba, nalo ni jina la heshima, lakini shamba analolima ni la lukolo la mama, na anayemgawia ni mjomba. Hili si jambo la wazee tu wala si hadithi ya zamani. Ni jambo la jana asubuhi. Nenda Mgeta, nenda Kinole, nenda hapo chini Mikese kwa wale walioteremka mlima kuuza ndizi barabarani, uwaulize ni wa ukoo gani. Watakutajia wa mama zao hata kabla hujamaliza swali.

Nililichukua somo lile nikalipeleka nyumbani kwa mtu, kama nilivyofundishwa. Nilikwenda kwa Bi Zena, bibi wa mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la tatu aitwaye Mwajuma. Nikasoma. Bi Zena alikuwa anaanika iliki. Akacheka sana, akasema, "Hao walioandika hawana mama?" Kisha akaona Mwajuma amesimama mlangoni anasikiliza, akaacha kucheka.

Nikarudi darasani nikaliruka somo. Nikafundisha la kwangu: kila mtoto aende akamuulize mama yake ukoo wake na baba yake mtala wake, waje watueleze. Walifurahi hao! Walikuja na mambo ambayo hata mimi nilikuwa siyajui baada ya miaka yote ile. Mwajuma alikuwa na ya upande mmoja tu. Baba yake alikuwa mtu wa Kigoma aliyekuja kwenye mashamba ya miwa, akamwoa mama yake, akaondoka kabla mtoto hajajua kutembea, hakurudi. Lakini ya ukoo wa mama yake alikuwa nayo tele, alisimama akayataja bila kukwama, na wenzake wakampigia makofi ya kilo.

Mtihani wa kata ukafika. Swali kubwa kuliko yote, lenye alama nyingi, lilikuwa hili: Eleza mtoto anapata ukoo kwa nani na familia yake inapata ardhi kwa nani.

Kusahihisha kulikuwa kwa pamoja, kwenye ukumbi wa kata, shule zinabadilishana karatasi. Mimi nilikuwa nasahihisha za shule ya bondeni. Mbele yangu alikuwa ameketi mwalimu mwanamke, sitamtaja, ana karatasi za darasa langu. Nikainua macho nikaona kalamu yake inavyokwenda. Mkasi wa kosa. Mkasi. Mkasi. Karatasi baada ya karatasi, darasa langu zima limeandika mama na mjomba, na yote yanapigwa mkasi mwekundu.

"Mwalimu," nikamwambia, "wewe ni ukoo gani?"

Akanitajia.

"Umeupata kwa nani?"

"Kwa mama." Hata hakuacha kusahihisha. "Lakini mwongozo unasema baba, dada. Mimi nafuata mwongozo."

Nikageuka nikautazama ukumbi ule. Karibu wote walikuwa Waluguru. Watoto wa mama zao, wanaolima mashamba ya wajomba zao, wamejiinamia na kalamu nyekundu wanawakosesha watoto kwa kusema ukweli ambao wao wenyewe wameuamkia asubuhi. Na Mpare ndiye aliyesimama! Nilisimama, nikasikia sauti yangu inatoka kubwa kuliko nilivyopanga: "Jamani, wekeni kalamu chini."

Bwana Shomari akaja. "Shikamoo mwalimu. Kuna nini?"

"Marahaba. Mwongozo umekosea."

Akasoma swali, akasoma mwongozo. Akanivuta pembeni, dirishani. "Mwalimu, hili limetoka mtandaoni. Limeandikwa na wataalamu."

"Wataalamu wa wapi? Jina lao nani?"

Hakuwa nalo.

"Bwana Shomari," nikamwambia, "lile shamba lako la njegere unalotuonyeshaga picha, nani alikupa?"

Alikuwa mtu mkweli, nampa haki yake. "Mjomba," akasema.

"Basi umejibu swali. Jipe alama."

"Mwalimu, ya nyumbani ni ya nyumbani. Huku ni shule." Akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayenisaidia nielewe. "Watoto hawa watakwenda kufanya mitihani mikubwa. Watakutana na maswali kama haya. Tuwazoeshe jibu linalotakiwa."

Nilikasirika, siwafichi. Nilikasirika kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Mtu anayenitukana namjibu, tunaenda zetu. Lakini huyu hakunitukana, alikuwa anasema kwa roho safi kwamba shule ni mahali ambapo mtoto anakwenda kuambiwa mama yake si kitu, na kwamba hilo ni kwa faida yake. Nikamwambia sitasahihisha tena, na karatasi za darasa langu sitazipokea zikiwa na mikasi ile. Akaniambia niandike barua ya kujieleza. Nikamwambia nitaandika, na niliandika. Niliandika kwamba nimekataa kuwakosesha watoto kwa jibu sahihi, na kwamba nikiombwa tena nitakataa tena. Sahihi yangu niliiweka kubwa.

Karatasi zilirudi na mikasi yake. Kata ni kata.

Siku iliyofuata Mwajuma alibaki darasani wenzake walipotoka. Alikuwa amekunja karatasi yake ndogo sana, imebaki kama kipande cha sabuni. "Mwalimu," akasema, "kwa hiyo sisi tutahama?"

Sikumwelewa. "Mhame mwende wapi?"

"Kama ukoo ni wa baba na shamba ni la baba. Mimi baba sina. Bibi alisema pale ni petu. Sasa imeandikwa si petu."

Jamani walimu wenzangu. Mnaweza kunisomea sera, mnaweza kunisomea miongozo, lakini nisomeeni kwanza jibu la kumpa mtoto yule. Yeye hakuona alama zilizopotea. Aliona karatasi ya serikali yenye wino mwekundu inasema nyumba anayolala si yao. Nilimkalisha kwenye kiti changu. Nikamwambia, "Mwajuma, waliosahihisha wamekosea. Mimi mwalimu wako nakwambia wamekosea. Pale ni penu, palikuwa pa bibi yako na mama yake na mama wa mama yake, na hakuna kalamu ya kupafuta."

"Sasa mbona wamepiga mkasi?"

"Kwa sababu waliogopa."

"Waliogopa nini?"

Nilimwambia tu aende nyumbani, nami nikaenda naye, nikamwambia Bi Zena maneno yale yale mbele yake. Bi Zena alimchukua mjukuu wake kwa mkono wakazunguka shamba lote, mgomba kwa mgomba, akimwonyesha aliyepanda. Mimi niliketi uani nikaendelea kuanika iliki, maana nilihitaji kushika kitu.

Baada ya hapo nilianza vita, na vita yangu ilikuwa ya kutafuta. Nilishinda kwenye ile kona ya uwanja mpaka bando zinaisha. Nilitafuta mahali popote mtandaoni ambapo jambo hili limeandikwa kwa lugha ya mtoto mdogo. Yalikuwepo maandishi ya wasomi, marefu, ya kizungu kigumu, yanayokubaliana na Bi Zena toka mwanzo hadi mwisho. Kwa mtoto wa miaka minane hakukuwa na kitu. Hakuna hata ukurasa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimezunguka miaka yote kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Kama somo la watoto wa Uluguru haliko humo, ni kwa sababu sisi hatukuliweka.

Tukaliweka. Darasa langu lilirekodi mama zao, bibi zao na wajomba zao kwa kishikwambi cha serikali. Kila mmoja alisema maneno machache: ukoo wake, alikoupata, shamba lake, aliyemgawia. Kuku wanasikika, mvua inasikika, mjomba mmoja anasikika akiuliza kama ataonekana Dar. Nikaongeza maelezo ya mwalimu na maswali ya watoto, na nikaeleza wazi kwamba makabila mengine yana utaratibu wake, na kwamba ukoo wangu mimi ni wa baba. Nikalituma kwenye grupu la walimu wa kata. Nikaliweka pia mahali pa wazi ambapo mtu yeyote anaweza kulishusha bure.

Bwana Shomari aliniandikia kwenye grupu mbele ya wote nilifute, kwa kuwa halikupitishwa. Nikamjibu mbele ya wote: lile la kwenye kabrasha lilipitishwa na nani? Walimu wakaanza kulishusha kimyakimya, nayaona majina yao yanavyopita kule nilikoliweka, na yule mwalimu wa kalamu nyekundu alikuwa wa kwanza. Hakuna aliyeandika neno. Nilifurahi na niliumia kwa pamoja, maana kushusha kwa siri ni rahisi, na mtoto alihitaji mtu wa kusema hadharani.

Adhabu ilikuja kwa adabu, kama alivyo mwenyewe. Somo la maarifa ya jamii liliondolewa mikononi mwangu. Nikapewa michezo. Mimi, kwa umri ule, na magoti haya! Walidhani nitaomba msamaha. Nilinunua filimbi. Nilisimama kwenye uwanja ule ule, na wakati wa kupumzika watoto waliketi pembeni yangu tukazungumza ukoo wa nani umetoka bonde gani, na hakuna mwongozo wa michezo unaokataza mazungumzo. Bwana Shomari aliwahi kunikuta. Akatusikiliza kidogo, akaniamkia, akaondoka.

Kwa hiyo, Edga, ukija kuniuliza tovuti, jibu langu ndilo hili. Tafuta kote, shusha, chukua kizuri cha watu, lakini usilete kitu darasani hakijakaa uani kwa mtu. Na ukikuta hakipo, kitengeneze na wenye nacho. Watakwambia ya nyumbani yabaki nyumbani. Kataa. Kataa ukiwa na kazi, usisubiri kustaafu ndipo uwe shujaa wa kwenye makaratasi.

Mwaka uliofuata, ule wa mwisho wangu, Mwajuma alikuwa darasa la nne. Mtihani wa kata ukatungwa kwenye kabrasha lile lile, halikuwa limebadilishwa hata mshale, na swali likaja tena. Safari hii kulikuwa na zawadi kwa wa kwanza wa kata, begi jipya la shule, na kila mtu alijua Mwajuma ndiye anayeweza kulichukua. Mwalimu aliyepewa somo langu, si wewe Edga, aliwaambia watoto jibu linalotakiwa. Aliwaambia waziwazi: andikeni baba mpate alama, nyumbani mtajua wenyewe. Na wengi waliandika baba. Siwalaumu, walikuwa watoto.

Matokeo yalipobandikwa Mwajuma alikuwa wa pili. Begi lilikwenda bondeni. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za darasa na karatasi yake mapajani, safari hii hakuikunja. Nikaitazama. Majibu yote sahihi, safi, mwandiko mzuri, na kwenye swali lile mkasi mmoja mkubwa.

"Mwajuma, hamkuambiwa jibu wanalolitaka?"

"Tuliambiwa, mwalimu."

"Na begi ulilitaka?"

"Nililitaka sana." Alifuta macho kwa kiganja. "Nilijua watanipiga mkasi. Ila nikiandika baba, bibi anahamia wapi?"

Sikuwa mwalimu wake wa somo tena. Sikuwa na mamlaka yoyote juu ya karatasi ile. Nikamwomba kalamu, nikapiga alama kubwa ya vema juu ya mkasi wao, nikaandika jina langu pembeni.